Mwenye Enzi ni Mmoja: Mafunzo kutoka viti vya wafalme

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (SW), Mmiliki wa ufalme wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, makala hii imetokana na swali la mwanafunzi. Katika kipindi cha Maarifa ya Uislamu tulikuwa tukisoma kisa cha Nabii Sulaiman (AS) na Malkia wa Saba'i kilichomo katika Surat An-Naml. Nilikuwa nimemaliza kuandika ubaoni uovu wa wafalme waliotajwa katika Qur'an, akina Firauni na wenzake, ndipo kijana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Akauliza: "Ustadhi, kama ufalme ni mbaya, mbona Nabii Sulaiman alimuomba Allah ampe ufalme? Na kama ni mzuri, mbona Mtume wetu hakuwa mfalme?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba Nabii Sulaiman (AS) alikuwa Mtume, hivyo ufalme wake ni jambo la pekee. Kengele ikalia, wakatoka. Lakini ukweli ni kwamba jibu lile halikunitosheleza hata mimi mwenyewe niliyelitoa. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma upya.

Nimeona swali hili tulijadili hapa kwa sababu si la darasani tu. Wapo ndugu zetu ambao ukitaja Andalusia, India au Kilwa hujawa na fahari, kana kwamba kila kasri lililojengwa na mfalme Muislamu ni dalili ya ukweli wa Uislamu. Wapo pia wanaoushambulia Uislamu kwa kuhesabu dhulma za masultani, kana kwamba kila alichofanya sultani kimeamrishwa na Qur'an. Wote hawa wana kosa moja. Wanampima mfalme kwa kiti chake au kwa jina lake, wala hawampimi kwa mizani aliyoiteremsha Allah (SW).

Lugha yetu yenyewe inatufundisha

Kabla ya kuingia katika historia, tuanze na maneno tunayoyatamka kila siku. Sisi Waswahili tunamwita Mola wetu Mwenyezi Mungu. Neno "Mwenyezi" maana yake ni mwenye enzi, yaani mwenye mamlaka, nguvu na utukufu. Kiti cha mfalme nacho tunakiita kiti cha enzi. Kumbe wazee wetu, walipotafuta jina la kumtambulisha Mola kwa ndimi za watu wa pwani na bara, walimpa Yeye ile enzi. Mfalme wakamwachia kiti.

Aidha, neno hilo hilo "enzi" tunalitumia kwa maana ya muda uliopita. Tunasema enzi za Mjerumani, enzi za Mwingereza, enzi za mababu. Hivyo basi, tukimtaja Mola, enzi ni mamlaka yasiyo na mwisho. Tukimtaja mwanadamu, enzi ni kipindi chenye mwanzo na mwisho.

Tazama pia Ayatul Kursiyyu (2:255), aya ambayo watoto wetu huihifadhi mapema na sisi huisoma tunapolala. Imepewa jina la Kursiyyu, neno ambalo kwa Kiarabu ni kiti. Kursiyyu ya Allah haifanani na viti vya viumbe, wala si kazi yetu kuuliza ikoje. Lakini aya inatuambia kuwa imeenea mbingu na ardhi, na kwamba Mwenye nayo hasinzii wala halali. Mfalme gani wa duniani asiyelala?

Viti viwili katika Surat An-Naml

Sasa turudi kwa Nabii Sulaiman (AS). Ndege Hud-hud alipoleta habari za Saba'i alieleza kuwa amemkuta mwanamke anawatawala watu, amepewa kila kitu na ana kiti cha enzi kikubwa (27:23). Aya tatu tu baadaye (27:26) anatajwa Allah (SW), kwamba hapana mungu ila Yeye, Mola wa Arshi kubwa. Sifa iliyotumika kwa kiti cha malkia ndiyo iliyotumika kwa Arshi ya Allah. Msomaji anatakiwa alinganishe, aone kuwa ukubwa wa kiti cha malkia si kitu mbele ya Mwenye Arshi.

Malkia huyo, ambaye wanahistoria wanamwita Bilqis, hakuwa mjinga. Alipopata barua ya Nabii Sulaiman (AS) aliwakusanya wakuu wake akawataka shauri, akawaambia kuwa hakati jambo bila wao kuwepo (27:32). Wao walijivunia nguvu zao za kivita, yeye akawaonya kwamba wafalme wanapouingia mji huuharibu na kuwafanya watukufu wake kuwa madhalili (27:34). Hayo ni maneno ya malkia, mtu aliyewajua wafalme kwa kuwa naye ni mmoja wao.

Je, Nabii Sulaiman (AS) alikuwa mfalme wa namna hiyo? Jibu limo katika Sura hiyo hiyo, tena kabla ya kisa cha malkia. Alipokuwa akipita na majeshi yake ya majini, watu na ndege, chungu mmoja aliwahimiza wenzake waingie makazini mwao wasije wakapondwa na majeshi yale bila ya wenyewe kujua (27:18). Nabii Sulaiman (AS) alimsikia. Hakusema kuwa huyu ni mdudu tu. Alitabasamu, kisha akamuomba Mola wake amuwezeshe kushukuru neema na kutenda mema (27:19). Huyu ni mfalme mwenye jeshi ambalo hakuna aliyepata mfano wake, na bado sauti ya mnyonge wa chini kabisa inamfikia.

Kisha kile kiti kikubwa cha Saba'i kililetwa mbele yake kabla ya kupepesa jicho. Mfalme wa kawaida angekikalia, au angekiweka penye watu wakione kama ngawira. Yeye alisema kuwa hiyo ni fadhila ya Mola wake, ili amjaribu kama atashukuru au atakufuru (27:40). Hapa ndipo lilipo jibu la kijana wangu wa safu ya nyuma. Ufalme wenyewe ni mtihani. Si wema na si uovu mpaka tuone aliyepewa amefanya nini nao.

Tuutazame mtihani huo kwa Firauni. Yeye aliwanadia watu wake akiwauliza kama ufalme wa Misri na mito inayopita chini yake si vyake (43:51). Aliwagawa raia makundi makundi, akalidhoofisha kundi moja kwa kuwachinja watoto wao wa kiume (28:4). Wafalme wawili, ardhi zao hazikuwa mbali sana. Mmoja alisema amepewa, mwingine akasema ni vyangu. Tofauti zote nyingine zilianzia hapo.

Talut, Daud na mfalme wa Uhabeshi

Wana wa Israili walipoomba wapewe mfalme, Allah (SW) aliwateulia Talut. Wakapinga kwamba vipi awe mfalme naye hakupewa wasaa wa mali? Nabii wao akawajibu kuwa Allah amemteua na amemzidishia elimu na nguvu za mwili (2:247). Kwa hiyo sifa walizozitaka watu ni ukoo na mali, na sifa alizozitaja Allah ni elimu na uwezo wa kazi. Naye Nabii Daud (AS) alipofanywa khalifa katika ardhi aliamrishwa ahukumu baina ya watu kwa haki wala asifuate matamanio (38:26).

Katika Sira tunakutana na mfano mwingine. Maswahaba walipozidiwa na mateso ya Maquraish, mwaka wa 5 wa Utume, Mtume (SAW) aliwaelekeza wahamie Uhabeshi kwa sababu huko yuko mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Najashi wakati huo hakuwa Muislamu. Alikuwa Mkristo, na alikalia kiti cha enzi kama wafalme wengine. Lakini Mtume (SAW) alimsifu kwa uadilifu wake na akamkabidhi watu wake. Wale wanaodhani kwamba mtawala hupimwa kwa jina lake la Kiislamu peke yake wakitafakari kisa hiki.

Mtume (SAW) mwenyewe alipewa hiari baina ya kuwa Mtume mfalme na kuwa Mtume mja, akachagua kuwa mja. Adiy bin Hatim, aliyekuwa mkuu wa kabila la Tayy, alipomjia Madina alikaribishwa nyumbani. Mtume (SAW) akampa mto wa ngozi uliokuwepo akalie, yeye akakaa chini ardhini. Adiy akajisemea moyoni kuwa huu si mwenendo wa wafalme. Kwa kulitazama kalio tu, mtu yule aliyezoea ukuu alitambua kuwa amekutana na uongozi wa aina nyingine.

Viti vilivyobaki katika historia

Baada ya Makhalifa wanne waongofu, mambo yalibadilika. Mwaka 60 Hijria (680) Yazid alimrithi baba yake Mu'awiya, na tangu hapo uongozi wa Waislamu kwa sehemu kubwa ukawa wa kurithishana ndani ya koo. Alipotokea Umar bin Abdul Aziz mwaka 99 Hijria (717), naye akiwa wa ukoo huo huo wa Bani Umayya, alirudisha mali zilizochukuliwa kwa dhulma na kuanza na mali za jamaa zake. Alitawala takriban miaka miwili na nusu tu. Lakini muulize Muislamu yeyote wa kawaida amtajie watawala wa Bani Umayya, jina lake ndilo litakalotangulia.

Tutazame sasa waliotaka kukumbukwa kwa viti. Shah Jahan wa India, aliyejenga Taj Mahal, aliagiza kitengenezwe kiti cha enzi cha dhahabu, kilichojaa yakuti, zumaridi, almasi na lulu, na juu yake mapambo ya ndege tausi. Mafundi walikifanyia kazi miaka saba, na mwaka 1635 akakikalia. Mwaka 1658 mwanawe Aurangzeb alimfungia katika ngome ya Agra, akabaki humo mpaka alipofariki mwaka 1666. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Iran aliipora Delhi akakichukua Kiti cha Tausi. Naye aliuawa mwaka 1747, na katika vurugu zilizofuata kiti kile kikavunjwavunjwa. Hakijaonekana tena.

Jina lake hata hivyo liliendelea. Wafalme wa Iran waliita kiti chao Kiti cha Tausi hadi kwa Mohammad Reza Pahlavi, aliyejiita Shahanshah, yaani mfalme wa wafalme. Na Mtume (SAW) amekwisha tuonya, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba jina baya kabisa mbele ya Allah ni la mtu anayejiita mfalme wa wafalme. Mwaka 1971 Shah huyo aliwaalika wakuu wa nchi nyingi katika magofu ya Persepolis kusherehekea miaka 2,500 ya ufalme wa Uajemi. Januari 1979 aliihama nchi yake, na mwaka 1980 akafia Cairo akiwa mkimbizi.

Huko Andalusia wafalme wa Granada waliandika katika kuta za kasri la Alhambra, tena mara nyingi mno, kwamba hapana mshindi ila Allah. Walilifanya neno hilo kuwa nembo yao. Januari 1492 mfalme wao wa mwisho, Abu Abdillah, alikabidhi funguo za mji kwa wafalme wa Kikristo wa Hispania. Watalii wanaokwenda huko leo bado wanaona maandishi yale. Ukuta ulisema kweli siku zote, wenye nyumba ndio waliosahau kuusoma.

Kilwa na Unguja

Sisi nasi tuna historia yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Magofu ya kasri lake la Husuni Kubwa yapo Kilwa Kisiwani hadi leo. Ibn Battuta anasimulia kuwa Ijumaa moja, baada ya Swala, fakiri mmoja kutoka Yemen alimuomba Sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili nguo, akampa zile alizovua. Watu wakamsifu kwa unyenyekevu huo.

Kisa hiki tunapenda kukisimulia, na kinastahili. Lakini tukisome hadi mwisho. Mtoto wa Sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa ishirini, wanadamu ishirini, waligawiwa kama sadaka, na majina yao hakuna aliyeyaandika. Hatuwezi kuchukua nusu ya kwanza ya habari tukaiita Uislamu, kisha nusu ya pili tukaificha. Mizani ya Qur'an inatutaka tushuhudie haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu (4:135).

Kwa upande wa Unguja, Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Agosti 1896 mwanawe Khalid alikalia kiti cha usultani kwa siku mbili tu, kasri likapigwa mizinga na manowari za Waingereza, na vita ikaisha kabla ya saa moja. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alitawala takriban miezi sita kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Akaishi Uingereza miaka mingi, na akafariki Oman mwishoni mwa Desemba 2024. Hiyo Beit al-Ajaib nayo, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Simtaji yeyote kwa kejeli, kila mmoja ameshakwenda au atakwenda kwa Mola wake. Ninachotaka tuone ni aya ya 26 ya Surat Al-Imran ikitekelezeka mbele ya macho yetu, kwamba Allah humpa ufalme amtakaye na humuondolea amtakaye.

Tusiwacheke wafalme

Ndugu Waislamu, ni rahisi kusoma habari hizi tukatikisa vichwa, tukadhani haziwahusu ila wenye mataji. Lakini sisi nasi tuna viti. Anayeongoza kikao tunamwita Mwenyekiti, yaani mwenye kiti. Hatukumwita mwenye enzi, kwa sababu jina hilo lina Mwenyewe.

Hebu tujiulize, hali ikoje katika misikiti yetu? Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja, na nilishuhudia uongozi ukipitisha miaka bila mkutano wa waumini na bila hesabu ya michango kusomwa. Aliyeuliza aliambiwa ni mfitini. Kijana aliyesoma na mwenye uwezo wa kazi aliambiwa asubiri, kwani ukoo fulani ndio ulioanzisha msikiti. Hiyo ndiyo hoja iliyotolewa dhidi ya Talut, neno kwa neno! Mzozo ulipokua, waumini wakagawanyika safu, wengine wakahama. Walioumia zaidi ni watoto wa madrasa, waliokaa muda mrefu bila mwalimu wakati wakubwa wanagombea funguo za ofisi.

Nami sijitoi. Nilikaa katika kamati ile na mara nyingi nilinyamaza kwa kuogopa kuitwa mfitini. Na darasani kwangu, niliwahi kumkuta mwanafunzi amekalia kiti changu akiwachekesha wenzake, nikamtoa nje kipindi kizima. Nilijiambia kuwa nalinda nidhamu. Nilipotafakari baadaye niliona kuwa nidhamu ingetosha kwa neno moja, kilichobaki kilikuwa ni hasira ya mtu aliyekaliwa kiti chake. Kama kiti cha mbao cha darasani kinaweza kumfanyia mtu hivyo, cha dhahabu kinamfanyia nini?

Abu Dharr (RA) alipomuomba Mtume (SAW) ampe uongozi, aliambiwa kuwa uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza yaliyo juu yake. Amana ina sifa mbili ambazo milki haina. Kwanza, hutolewa hesabu. Pili, hurudishwa. Kwa hiyo kamati ya msikiti iwaite waumini, isome mapato na matumizi hadharani, iweke muda wa uongozi, na muda ukifika walioko wapishe. Wala kupisha si aibu. Na sisi waumini tuulize kwa adabu, tusisubiri ghadhabu zijae ndipo tuvunje milango.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikamwambia yule kijana kuwa jibu langu la kwanza lilikuwa pungufu. Nikamwambia kwamba Nabii Sulaiman (AS) aliomba ufalme kwa Mwenye nao, akautumia akijua kuwa anajaribiwa, akamsikia hata chungu. Mtume wetu (SAW) alichagua kuwa mja ili umma wake, ambao wengi wao hawatakuwa wafalme, wapate mfano wa kufuata. Hakuna kupingana. Akatafakari kidogo, kisha akauliza tena: "Sasa Ustadhi, Nabii Sulaiman alikufaje?"

Nikamwambia wafungue Surat Saba'i, aya ya 14. Alifariki ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea kumtumikia wakidhani yu hai, mpaka mdudu wa ardhini alipoila ile fimbo akaanguka. Darasa zima likanyamaza.

Tumuombe Allah (SW) atujaalie tuwe wenye kushukuru kwa kila kiti alichotukalisha, kikubwa au kidogo, na atuwezeshe kukiacha tukiwa tumetimiza haki zake.

Wabillahi Tawfiiq.